Kutega minki kwenye vijito wakati wa baridi kali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu minki wa Marekani na Kanada, kwenye vijito ambavyo mtu anaweza kuvivuka kwa miguu, katika msimu ambao maji ya kingoni yanaganda kila usiku. Wengi wanaouliza hulaumu baridi. Mara nyingi baridi yenyewe haina neno. Kinachoharibu kazi ni kina cha maji kubadilika baada ya mtego kuwekwa.

Minki ni mnyama gani?

Ni mla nyama mwembamba wa jamii moja na nyegere, kicheche na fisi maji, mwenye rangi ya kahawia iliyokolea na mara nyingi doa jeupe kidevuni. Dume huwa na kilo 1 hadi 1.5, jike karibu nusu ya hapo. Hula maskrati (panya mkubwa wa majini), samaki, kamba wa mtoni, vyura, panya na ndege. Anaogelea vizuri, lakini njia yake hasa ni pale maji yanapokutana na ukingo: hufuata mstari huo, akiingia kila tundu na kupita chini ya kila mzizi. Tabia hiyo ndiyo inayomponza.

Kwa nini mtu asubiri baridi, asitege mapema wakati maji hayajaganda?

Kwa sababu ya manyoya. Minki akichunwa mapema, upande wa ndani wa ngozi huwa na rangi ya buluu nyeusi, dalili kwamba manyoya bado yanaota. Yakikomaa, upande huo huwa mweupe au wa rangi ya malai. Maeneo ya kaskazini hilo hutokea kati ya Novemba na Desemba, yaani wakati ule ule vijito vinapoanza kuganda. Kufikia Februari madume huanza kuhangaika kutafuta majike, manyoya yanasuguliwa na kupauka. Kwa hiyo wiki nzuri ni chache, na nyingi kati ya hizo zina barafu.

Sheria inasemaje?

Kila jimbo la Marekani na kila mkoa wa Kanada una sheria zake: leseni, tarehe za kufungua na kufunga msimu, ukubwa wa mtego, kibati chenye jina au namba ya mwenye mtego, umbali kutoka kwenye nyumba na njia za umma, na muda wa juu wa kukaa bila kukagua. Majimbo mengi hutaka mitego ikaguliwe kila saa 24. Mengine huruhusu muda mrefu zaidi kwa mitego iliyozama. Pata kitabu cha kanuni cha mwaka huu kutoka idara ya wanyamapori ya jimbo lako, kwa kuwa cha mwaka jana hakikulindi. Tena kijito kikipita kwenye shamba la mtu, omba ruhusa kwanza, hata kama maji yenyewe ni ya umma.

Niko Ulaya. Naweza kutumia njia hizi?

Nyingi, hapana. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mitego ya kukamata mguu kuanzia 1995. Uingereza, ambako minki wa Marekani ni mgeni anayewamaliza panya-maji wa huko, kazi hufanywa zaidi kwa mtego wa kizimba uliowekwa juu ya chelezo chenye udongo laini wa kuonyesha nyayo. Na kumzamisha mnyama majini ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1996 ya kulinda wanyama wa porini. Minki aliyekamatwa huko hatakiwi kuachiwa tena porini. Ufaransa, Hispania na Romania pia wana minki wa Ulaya, jamii iliyo hatarini kabisa kutoweka, na kwa mbali hao wawili hufanana. Huko usitege bila kuelekezwa na mamlaka.

Kwa nini vijito vidogo? Mto mkubwa si una minki wengi zaidi?

Inawezekana, lakini mto mkubwa humpa mnyama nafasi ya kupita popote. Kijito cha upana wa mita moja au mbili humbana. Penye daraja, mzizi mkubwa, mti ulioanguka au ukingo uliosimama wima, njia yake hupungua hadi sentimita 10 au 15, na hapo hahitaji kushawishiwa kwa chambo. Pia vijito vingi hulishwa na chemchemi, na maji yatokayo ardhini hubaki na joto karibu lile lile mwaka mzima. Mito mikubwa ikishafungwa na barafu kote, minki huvutwa na sehemu hizo zilizobaki wazi.

Nitajuaje kama anapita hapa?

Tazama chini ya madaraja kwanza. Pale theluji haifiki, na tope au mchanga huhifadhi nyayo kwa siku nyingi. Unyayo una vidole vitano na upana wa sentimita 3 hadi 4. Kwenye theluji anaruka, hivyo alama hutokea mbili mbili, moja imetangulia kidogo, na kati ya jozi na jozi kuna sentimita 30 hadi 60. Alama zikiishia ghafla kwenye kitundu cha theluji au ufa wa barafu kando ya ukingo, amezama humo na anasafiri chini. Hicho kitundu kiwekee alama akilini.

Kinyesi chake ni chembamba kama penseli, cheusi, kimejaa magamba ya samaki na nywele, na mara nyingi huachwa juu ya jiwe au gogo. Usikate tamaa usipoona alama mpya leo. Dume huzunguka kilomita kadhaa na anaweza kukaa siku nyingi bila kupita tena mahali pale pale.

Nitumie mtego upi?

Kwa kijito kidogo chenye barafu, mtego wa fremu namba 110 ndio wa kwanza. Ni fremu mbili za mraba zenye springi moja, kila upande kama sentimita 11 hadi 12, zinazombana mnyama shingoni au kifuani na kumuua haraka. Aliyeubuni ni Frank Conibear, mtegaji wa Kanada, na ulienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Namba 120 ina ukubwa ule ule na springi mbili. Ina nguvu zaidi na hufaa kwa dume kubwa, ila springi ya pili huchukua nafasi penye ukingo mbaya.

Mtego wa mguu, namba 1 au 1½, hutumika pamoja na waya wa kuzamisha: waya mnene unaoanzia kigingi cha ukingoni hadi kigingi au uzito ulio kwenye maji ya kina, na kipande cha chuma kilichopindwa ambacho hutelezea upande mmoja tu. Mnyama akikimbilia majini hawezi kurudi. Hilo linataka kina cha nusu mita au zaidi kisichopungua. Vijito vingi havina kina hicho wakati wa baridi, na vilivyo nacho leo huenda visiwe nacho keshokutwa. Kama huna hakika, tumia fremu.

Mitego mipya niiandae vipi?

Ichemshe kwenye maji yenye sabuni kuondoa mafuta ya kiwandani, isuuze, iache nje ipate kutu kidogo, kisha uitie rangi nyeusi au kahawia. Chuma kinachong'aa huonekana majini. Mitego ya mguu inaweza kutiwa nta. Ya fremu usiitie: nta hufanya kifyatulio kiteleze, na mtego utakufyatukia mkononi wakati unauweka.

Nianze na tego (namna ya kuweka mtego) gani?

Anza na ukingo wa chini, bila chambo. Tafuta mahali ukingo unaposhuka wima ndani ya maji ya kina cha sentimita 10 hadi 30, bora zaidi maji yakiwa yamekula udongo na kuacha uvungu. Minki anapoogelea hufuata pembe ile ambapo sakafu ya kijito inakutana na ukingo.

Simamisha fremu kwenye pembe hiyo, ikikata njia, upande mmoja ukigusa ukingo na chini ikigusa sakafu. Pasiwe na mwanya kati ya fremu na udongo. Jike hupenya mahali usipopadhania. Ishikize kwa vijiti viwili imara kupitia kwenye springi, kila kimoja kimeingia ardhini sentimita 20 au zaidi. Maji yakiwa juu kuliko fremu, laza kijiti kikavu juu yake usawa wa maji ili mnyama apite chini. Upande wa nje, yaani upande wa katikati ya kijito, chomeka vijiti viwili vitatu vya kawaida kuziba njia ya kukwepa. Vikizidi hapo utakuwa umejenga uzio, na uzio hukusanya majani, majani huzuia maji, na maji yakizuiwa hutengeneza barafu.

Nyaya za kifyatulio usizitanue sana. Kwa maskrati watu huzifungua hadi pembeni, lakini minki ni mwembamba kuliko anavyoonekana, na nafasi kubwa katikati humpa njia.

Mnyororo ufunge kwa waya kwenye kigingi cha chuma au mzizi ulio hai. Kijiti kikavu kilichoganda ndani ya barafu huonekana imara hadi siku barafu inapoondoka nacho.

Na tundu lenye chambo?

Hufanya kazi vizuri maji yakiwa hayabadiliki. Chimba ukingoni tundu la kipenyo cha sentimita 8 hadi 10, kina sentimita 30 hadi 40, likipanda juu kidogo kuelekea ndani ili mdomo uwe na maji ya sentimita 5 na nyuma pabaki pakavu. Chambo kikae nyuma kabisa, kimebanwa kwa kijiti, kisionekane kutoka juu. Majimbo mengi hukataza chambo kilicho wazi, na hata pasipokatazwa, ndege watakimaliza. Fremu isimame mdomoni. Ukitumia mtego wa mguu, uweke sentimita 3 hadi 5 chini ya maji mbele ya tundu.

Chambo kizuri ni samaki mbichi au nyama ya maskrati. Kwenye baridi harufu husafiri kidogo, hivyo ongeza matone machache ya mafuta ya samaki, ambayo hayagandi upesi kama nyama. Kilichooza hakina faida. Minki hupenda nyama safi.

Mitego yangu inaganda kila usiku. Nifanyeje?

Kwanza, jiulize imegandia wapi. Kuna aina tatu za kuganda, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni barafu ya juu, pale maji yaliyotulia yanapofunga ngozi ya barafu kupita katikati ya mtego. Fremu haiwezi kujifunga ndani ya barafu. Hamisha mtego mahali penye mkondo, au uuzamishe wote chini ya usawa ambao barafu itafika. Sehemu ya juu ya fremu ikiwa sentimita 8 hadi 10 chini ya maji yanayotembea, kwa kawaida inatosha kwa usiku mmoja wa baridi ya wastani.

Ya pili huwashangaza watu: barafu ya chenga. Usiku wa anga safi na baridi kali, maji yanayokwenda kasi juu ya mawe, yakiwa wazi chini ya anga, hupoa kidogo chini ya nyuzi 0 kabla ya kuganda. Chenga ndogo za barafu hutokea ndani ya maji yenyewe na kunata kwenye kila chuma, hata kilicho sakafuni. Asubuhi unakuta mtego umevikwa uji mweupe mgumu. Kwa hiyo ushauri wa "weka penye maji ya kasi" una mpaka wake. Kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri na zaidi, tafuta mkondo ulio na paa: chini ya daraja, chini ya ukingo uliojitokeza, chini ya barafu iliyokwisha kujijenga. Paa huzuia joto kupotelea angani, na chenga hazitokei hapo.

Ya tatu ni unyevu kwenye mitego ya nchi kavu, mfano ndani ya kijumba cha mawe au sanduku la mbao. Theluji huyeyuka mchana na kuganda usiku kwenye kiungo cha kifyatulio. Hapa tumia glaikoli ya propileni (kimiminika cha kuzuia kuganda) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, ipulizie kwenye viungo. Mchanganyiko huo hustahimili hadi zaidi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Usitumie ya ethileni, ile ya redieta za magari. Ni sumu, ni tamu, na mbwa huilamba. Chumvi nayo huyeyusha barafu, ila inakula chuma. Juu ya mtego wa mguu uliofukiwa weka mboji kavu au udongo uliochanganywa na nta, na chini yake karatasi ya nta.

Dawa kuu kuliko zote hizo ni chemchemi. Panapotoka maji ardhini na kuingia kijitoni hapagandi hata baridi iwe kali kiasi gani, na minki hupajua kuliko wewe. Kijia cha maji cha upana wa viganja viwili kitokacho chemchemini kinaweza kuwa tego bora kuliko yote kwenye mstari wako wa mitego.

Kijito kimefungwa chote na barafu. Nifunge kazi?

Hapana, sasa minki ana barabara. Barafu inapojenga, mwanzoni maji hupanda, kwa kuwa barafu inabana njia. Baada ya siku kadhaa mtiririko hupungua, maji hushuka, na barafu hubaki ikining'inia kama dari. Kati ya dari na maji kuna nafasi kavu, na humo minki husafiri akiwa amejikinga na upepo, bila kuacha hata unyayo mmoja juu.

Tafuta mahali dari hiyo inapokutana na ukingo na kuacha njia nyembamba. Kata shimo kwa shoka dogo, pana kiasi cha mkono na mtego kupita. Simamisha 110 ukingoni, nusu kwenye maji na nusu kwenye nafasi kavu, kisha ufunike shimo kwa ubao, matawi ya msonobari na theluji nene. Usipofunika, baridi itaingia na shimo litaganda kabla ya giza. Mwanga ukipenya pia humfanya mnyama apite kando. Ondoa vipande vyote vya barafu ulivyovikata. Vikielea vitafyatua mtego.

Mtego umefyatuka, lakini ni mtupu. Kwa nini?

Anza na maji. Angalia mstari wa barafu kwenye ukingo: kama uko juu kuliko maji ya sasa, yalipanda usiku, na barafu au majani yaliyoelea yaligonga kifyatulio. Kama kuna manyoya kwenye fremu, mnyama aligusa nyaya akiwa pembeni. Mtego ulisogea au haukushikizwa vizuri. Vijiti vilivyolegea ndiyo sababu ya kawaida. Kama hakuna chochote, mara nyingi ni maskrati aliyepita na kijiti mdomoni.

Nawezaje kuepuka fisi maji na wanyama wengine?

Fisi maji hulindwa katika baadhi ya majimbo, na anatumia vijito vile vile. Ukiona kinyesi kikubwa kilicholegea chenye magamba mengi, na mitelezo mirefu kwenye theluji, ondoka hapo au tumia mianya midogo ambayo yeye haingii. Rakuni huja kwenye chambo. Tego lisilo na chambo humpunguza. Penye mbwa na paka wa watu usiweke fremu nchi kavu kabisa.

Harufu ya binadamu inawafukuza?

Si sana. Huyu si mbweha. Vaa glavu za mpira zinazofika kiwikoni kwa sababu ya baridi, siyo harufu.

Naweza kutembea juu ya barafu ya kijito?

Usiiamini. Kipimo cha sentimita 10 za barafu safi kwa mtu mmoja ni cha maji yaliyotulia. Kwenye kijito unene hubadilika kila hatua, na ile dari yenye hewa chini haina cha kuiegemeza. Gonga mbele yako kwa fimbo yenye ncha ya chuma, na pita kwenye maji mafupi badala ya juu ya barafu inapowezekana.

Ukitumbukia, dakika ya kwanza kazi yako ni kutuliza pumzi tu; mshtuko wa baridi hukufanya uheme ovyo na kumeza maji. Baada ya hapo una kama dakika 10 kabla mikono haijakataa kukutii, kwa hiyo zitumie kutoka. Vaa sufu, si pamba. Nguo kavu na kiberiti viwe kwenye mfuko usiopitisha maji, na mtu nyumbani ajue umekwenda upande gani.

Minki amegandia kwenye mtego. Nimtoeje?

Usimvute. Manyoya yaliyoganda kwenye chuma hung'oka na kuacha upara. Mtumbukize pamoja na mtego kwenye maji yanayotembea dakika chache hadi aachie. Kisha mpangushe maji, mviringishe kwenye theluji kavu ya unga, ambayo hunyonya unyevu vizuri ajabu, na mkung'ute. Mbebe akiwa amenyooka. Mkia ulioganda ukikunjwa hukatika.

Nyumbani mwache ayeyuke polepole mahali pa baridi kiasi, mbali na jiko. Manyoya yakauke kabisa kabla ya kuchuna. Ngozi huchunwa kama soksi, kwa kupasua kutoka mguu mmoja wa nyuma hadi mwingine, ikavuliwa kuelekea kichwani. Kwangua mafuta yote, kwa kuwa yakibaki hugeuka njano na kuunguza ngozi, lakini usikwangue hadi mizizi ya manyoya ionekane. Ivute kwenye ubao wa umbo lake, manyoya yakiwa ndani, ubao wa dume mbali na wa jike, na ukaushe kwenye nyuzi 15 hadi 20 penye hewa inayotembea. Mkia upasuliwe hadi ncha. Ukiachwa mzima huoza ndani.

Kuna hatari ya magonjwa?

Ipo. Minki hushambuliwa na virusi vya UVIKO-19; mwaka 2020 Denmark iliamuru kuuawa kwa mamilioni ya minki wa mashambani kwa sababu hiyo. Mwaka 2022 homa ya mafua ya ndege ya H5N1 ilizuka kwenye shamba la minki nchini Hispania. Chuna ukiwa na glavu nyembamba, funika mikwaruzo, fungua dirisha, na osha visu kwa maji moto na sabuni. Ukikuta minki aliyekufa nje ya mtego bila sababu inayoonekana, usimguse. Arifu idara ya wanyamapori.